Rangi ya chumba: soma kopo kabla ya kuuliza bei

Ramadhani inapokaribia, na tena siku chache kabla ya Idi, nyumba zetu nyingi hunukia rangi. Mwingine hupaka kwa kuwa mkewe anakaribia kujifungua. Ni jambo jema, kwani usafi wa makazi ni sehemu ya mafundisho ya dini yetu. Lakini tukifika dukani wengi wetu huuliza mambo mawili tu, rangi gani na bei gani. Lile la tatu, ambalo kiafya ndilo kubwa, hatuliulizi: je, rangi hii ina madini ya risasi?

Risasi ilitiwa katika rangi, hasa zile za mafuta, ili zikauke upesi, zing'ae na zidumu. Manjano na nyekundu kali ndizo zinazotiliwa shaka zaidi. Marekani ilipiga marufuku rangi hizo majumbani mwaka 1978, na Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa (UNEP) linapendekeza kikomo cha sehemu 90 tu za risasi katika kila sehemu milioni za rangi. Shirika la Afya Duniani (WHO) linasema hakuna kiwango cha risasi mwilini kinachojulikana kuwa salama. Katika kiasi kile kile kinachomezwa, mtoto mdogo hufyonza mara nne hadi tano zaidi ya mtu mzima, na huyo ndiye anayetambaa sakafuni na kutia kila kitu mdomoni. Madhara yake ni upungufu wa damu na ubongo unaodumaa. Mtoto huwa mzito wa kujifunza, au hatulii, na mzazi humpiga bakora akidhani ni ukaidi. Mama mjamzito naye humpitishia aliye tumboni.

Kwa hiyo kwa kuta za ndani chagua rangi ya maji. Haihitaji tina wala petroli, harufu yake ni ndogo, na brashi yake huoshwa kwa maji. Ukihitaji rangi ya mafuta kwa milango na madirisha, tafuta kopo lililoandikwa wazi kwamba halina risasi na lenye nembo ya shirika la viwango la nchi yako. Rangi ya kupimiwa katika chupa za maji, isiyojulikana ilikotoka, achana nayo hata ukipewa kwa nusu bei.

Usinunue kwa kukisia, maana huo ndio mlango wa israfu. Chumba cha futi 10 kwa 12, chenye ukuta wa futi 9, kina takriban mita za mraba 33 ukitoa mlango na dirisha. Lita moja ya rangi ya maji hupaka kiasi cha mita 10 kwa mkono mmoja, hivyo makopo mawili ya lita 4 yanatosha mikono miwili. Plasta mpya hunywa zaidi. Ongeza rola, brashi ya inchi 2 kwa pembe, msasa, kisu cha kukwangulia, glavu na turubai la kutandika. Mafundi hupenda kutandika magazeti. Tafadhali, gazeti kama hili lina aya na majina ya Mwenyezi Mungu, si la kukanyagwa.

Hatari kubwa zaidi iko katika rangi ya zamani inayobanduka. Fundi akiipiga msasa ikiwa kavu, vumbi la risasi hujaa hadi kwenye vyombo na vitanda. Mwambie alowanishe ukuta kwanza, na asiichome kwa moto. Kitambaa cha kufunga puani hakizuii vumbi hilo, hivyo nunua barakoa ya mafundi inayobana uso vizuri. Watoto na mjamzito wahamie kwa jirani au kwa bibi mpaka kazi iishe. Sakafu isifagiliwe, ipanguswe kwa tambara bichi, na nguo za kazi zifuliwe peke yake.

Kama ukuta una fangasi, usiwafunike kwa rangi, watarudi. Ziba kwanza bati au bomba linalovuja, acha ukuta ukauke. Na mahali ambapo kuta hupuliziwa dawa ya mbu, paka kabla ya wapuliziaji kufika, kwani rangi mpya huifunika dawa na mbu hutua bila kudhurika.

Liko jambo la ibada pia. Rangi iliyoganda mikononi au kwenye kucha huzuia maji yasifike kwenye ngozi, na udhu huhitaji yafike. Wengi hujisugua kwa petroli, ambayo hupenya ngozini na kuichubua. Jipake mafuta ya kupikia, subiri kidogo, sugua, kisha osha kwa sabuni.

Tina na mafuta ya taa yanayobaki visihifadhiwe kamwe katika chupa ya soda au ya maji. Mtoto mwenye kiu hawezi kujua. Akinywa, usimtapishe wala usimnyweshe maziwa ili atapike, kwa sababu akitapika huingia mapafuni. Mkimbize hospitali, na uichukue chupa yenyewe ili daktari aione.