Kashe: Kipimo kinachoonyesha kwa nini programu hujikokota

Programu ya kompyuta inapojikokota, wengi hufikiri kwanza kununua mashine mpya yenye nguvu zaidi.

Hata hivyo, mara nyingi prosesa, sehemu ya kompyuta inayofanya hesabu, haina kasoro yoyote. Inangoja tu kuletewa data.

Prosesa ya gigahezi 3 hupiga mapigo bilioni 3 kwa sekunde. Kuleta data kutoka kumbukumbu kuu huweza kuchukua mapigo 200 au zaidi, na muda huo hupotea bure.

Ili kupunguza hasara hiyo, ndani ya prosesa huwekwa kumbukumbu ndogo yenye kasi kubwa, iitwayo kashe.

Rafu na ghala

Kazi ya kashe yafanana na ya rafu dukani. Bidhaa zinazoulizwa kila mara huwekwa karibu na mkono wa mwenye duka, na nyingine hukaa ghalani. Akiombwa kisichopo rafuni hulazimika kwenda ghalani, huku foleni ikirefuka.

Katika prosesa nyingi za leo, kashe ya kwanza ina kilobaiti 32 au 48 hivi, na hujibu kwa mapigo 4 au 5.

Miongoni mwa waasisi wa wazo hilo ni Maurice Wilkes, aliyezaliwa mwaka 1913 mjini Dudley, magharibi ya Birmingham. Mji huo uko kilomita 18 hivi kutoka mtaa wa Hodge Hill, ulioko upande wa mashariki wa jiji.

Mwaka 1965, akiwa mkuu wa maabara ya kompyuta ya Chuo Kikuu cha Cambridge, Wilkes alichapisha makala ya kurasa mbili kuhusu kumbukumbu ndogo inayoitumikia kubwa. Mwaka 1968 kampuni ya IBM ikatangaza kompyuta ya kibiashara yenye kashe, System/360 Model 85. Wilkes alifariki dunia mwaka 2010.

Asilimia chache, tofauti kubwa

Kipimo kikuu ni idadi ya mara ambazo programu huikosa data katika kashe.

Chukulia kwamba kusoma kwenye kashe huchukua mapigo 4, na kila kukosa huongeza mapigo 200. Programu inayokosa mara 2 katika kila 100 hutumia wastani wa mapigo 8. Ikikosa mara 10, wastani hufika mapigo 24.

Yaani, kushuka kutoka asilimia 98 ya mafanikio hadi 90 huufanya muda wa kungoja kuwa mara tatu.

Njia mbili za kupima

Njia ya kwanza hutumia vihesabio vilivyomo ndani ya prosesa yenyewe. Kwenye mfumo wa Linux, programu ya perf, iliyoanza mwaka 2009, huvisoma bila kuichelewesha sana kazi inayopimwa.

Njia ya pili ni kuigiza kashe. Cachegrind, iliyoandikwa na Nicholas Nethercote alipokuwa Cambridge, hufuatilia kila amri ya programu na kuonyesha mstari unaosababisha hasara. Hata hivyo, chini yake programu huenda polepole mara nyingi zaidi, na kashe inayoigizwa si lazima ilingane na ile halisi.

Njia hii huwafaa pia wanaokodi seva za mbali, kwani mara nyingi mashine hizo haziwaruhusu wateja kusoma vihesabio.

Tiba isiyo na gharama

Kashe haichukui namba moja moja, bali kwa kawaida hubeba baiti 64 kwa mkupuo, sawa na namba 8 za baiti 8.

Katika lugha ya C, jedwali huhifadhiwa safu kwa safu. Programu inayosoma jedwali kubwa kwa kufuata safu huikosa kashe takriban mara moja katika kila namba 8. Ikisoma kwa kushuka wima, huweza kuikosa kwa kila namba.

Kubadili mpangilio wa mistari miwili tu ya programu huweza kuondoa tatizo hilo.

Anayepima hushauriwa kurudia mara kadhaa, kwani programu nyingine hugombea kashe hiyo hiyo, na kulinganisha matokeo na muda halisi wa kazi. Kwa ofisi au mfanyabiashara anayelipia seva kwa saa, kipimo hicho huonyesha kama fedha zinahitajika kwa mashine mpya, au kinachohitajika ni kuirekebisha programu.