MAPATANO NA FUNDI WA VERANDA

Katika sehemu za baridi kama Limuru, Nyandarua na Molo, nyumba nyingi za mbao zimejengwa mahali penye mteremko, na mbele ya nyumba huwekwa veranda ya mbao iliyosimama juu ya nguzo. Siku za kawaida veranda hiyo hubeba mzee anayeota jua, watoto wawili watatu, na pengine gunia la viazi. Walakini siku ya posa au ya matanga mambo hugeuka. Mvua ikianza kunyesha, wageni thelathini hukimbilia hapo kwa mara moja, nao husimama wamebanana upande mmoja ili watazame yanayotendeka uani. Siku hiyo ndipo kazi ya fundi inapopimwa.

Watu wa pwani huita mahali pa kupokea wageni mbele ya nyumba baraza, neno ambalo watu wa bara wamelichukua kuwa mkutano wa Chifu. Baraza ya Lamu au ya Mombasa ni ya mawe na chokaa, nayo ikiharibika hupasuka mbele ya macho ya watu wote. Veranda ya mbao haina tabia hiyo. Huoza kwa siri, ndani ya maungio na chini ya sakafu, huku rangi ya juu ikiendelea kung'aa.

Wala jambo hili si la mashambani peke yake. Tarehe 16 Juni 2015, katika mji wa Berkeley, jimbo la California huko Marekani, vijana waliokuwa wakisherehekea siku ya kuzaliwa ya mwenzao walisimama pamoja katika roshani ya ghorofa ya juu, na roshani ikavunjika. Sita walikufa na saba wakaumia. Wengi wao walikuwa wanafunzi kutoka Ireland waliokwenda huko kwa kazi za wakati wa likizo. Jengo lenyewe lilimalizika mwaka wa 2007, yaani halikuwa limetimiza hata miaka kumi. Uchunguzi ulionyesha kwamba maji yalinaswa ndani, na mbao zilizoshikilia roshani zikaoza bila ya mtu kuziona. Mwaka wa 2018 jimbo hilo likatunga sheria ya kulazimisha roshani za nyumba za kupangisha zikaguliwe.

MAHALI PASIPOONEKANA

Basi mtu anayetaka kumwajiri fundi, ama kwa kujenga veranda mpya ama kwa kutengeneza iliyochakaa, yafaa azijue kwanza sehemu mbili ambazo hufichwa kazi ikiisha.

Ya kwanza ni ule ubao mrefu unaoshikamanisha veranda na ukuta wa nyumba. Fundi mwenye haraka huupigilia kwa misumari. Misumari huvutika kidogo kidogo kila watu wanapokanyaga, hata ikafika siku ya kutoka yote pamoja. Kazi nzuri hutumia bolti nene zilizoingia katika mihimili ya nyumba yenyewe, na juu ya maungio huwekwa kipande cha bati kilichokunjwa ili maji ya mvua yasipite nyuma ya ubao.

Ya pili ni mguu wa nguzo. Mti huoza upesi pale udongo na hewa vinapokutana, na mchwa nao huanzia hapo hapo. Nguzo za mtarakwa zilizochimbiwa na wazee zilisifiwa kwa kudumu miaka mingi, lakini mti huo ni adimu sasa, na nguzo nyingi za madukani ni za mkaratusi uliotiwa dawa kwa mashine. Dawa hiyo hukaa sehemu ya nje, haifiki katikati ya mti. Kwa hiyo nguzo ikipunguzwa urefu, upande uliokatwa uwe juu, usifukiwe ardhini. Afadhali zaidi nguzo isimame juu ya msingi wa saruji, katika kiatu cha chuma, mguu wake usiguse udongo kabisa.

Kwa veranda ya zamani, bisibisi moja yatosha kwa uchunguzi. Ikisukumwa katika boriti zilizo chini ya sakafu na kuingia kama katika kiazi kilichochemshwa, boriti hiyo imekufa, na kubadilisha mbao za juu peke yake ni kuitupa fedha. Fundi anayetaja bei kabla ya kuinama na kutazama chini anastahili kushukuriwa kwa heshima na kuachwa aende zake.

KUMTAFUTA FUNDI

Watu wengi humwuliza jirani, na hiyo si njia mbaya. Kosa lao ni kwenda kutazama kazi iliyomalizika mwezi uliopita. Kila veranda ni nzuri ikiwa mpya. Inayofaa kutazamwa ni ile iliyokwisha kunyeshewa na mvua za miaka mitano, na mwenye nyumba hiyo aulizwe kama fundi alirudi alipoitwa. Tena iko Halmashauri ya Taifa ya Ujenzi, iliyowekwa kwa sheria ya mwaka wa 2011, ambayo huandikisha makontrakta na kuwatambua mafundi wenye ujuzi. Cheti hakipigi msumari, walakini mtu aliyeandikishwa ana jina la kulinda. Nao walio mjini wasisahau kuuliza katika ofisi ya Kaunti habari za kibali kabla ya jiwe la kwanza kuwekwa.

KARANI ALIYE MBALI

Chukua mfano wa karani anayefanya kazi Nairobi na nyumba yake iko Molo. Hupeleka fedha kwa simu kila mwisho wa mwezi, na fundi humjibu kwamba kazi inaendelea vizuri. Akienda nyumbani wakati wa Krismasi hukuta sakafu imekwisha kupigiliwa na kupakwa rangi. Zile boriti zilizoandikwa inchi sita kwa mbili, je, ni sita kwa mbili kweli? Hawezi kujua bila ya kuing'oa kazi aliyokwisha kuilipia.

Dawa ya taabu hiyo ni kugawa malipo kufuata sehemu zinazofichwa. Malipo ya mwanzo yawe ya kununua vifaa na si zaidi. Ya pili yatolewe nguzo zikisimama, kabla ya mashimo kujazwa. Ya tatu yatolewe boriti na bolti zikiwa wazi, kabla ya ubao hata mmoja wa sakafu kupigiliwa. Kiasi kidogo kibaki mpaka mvua kubwa zipite. Mwenye nyumba asipoweza kufika, ndugu yake apige picha huku tepu ya kupimia imelazwa juu ya boriti. Hayo yote, pamoja na vipimo, aina ya mbao na siku ya kumaliza, yaandikwe katika karatasi mbili na kutiwa sahihi na wote wawili.

Hapo fundi naye ana neno lake, na ni la haki. Mafundi wengi wamejenga nyumba za watu, kisha wakaambiwa warudi kesho, na kesho kutwa, mpaka vibarua wao wakawafuata nyumbani kudai posho. Mara nyingi fundi anayedai nusu ya fedha kabla ya kuanza si mwizi. Ni mtu aliyekwisha kuumwa na nyoka. Karatasi ile ile inayomlinda mwenye nyumba humlinda na yeye, maana fungu la pili likifika siku iliyoandikwa, hana sababu ya kuacha kazi na kukimbilia ya mtu mwingine.

Wakikosana, na wazee wakishindwa kuwapatanisha, iko Mahakama ya Madai Madogo, iliyowekwa kwa sheria ya mwaka wa 2016 na kuanza kazi Nairobi mwezi wa Aprili 2021. Husikiliza madai yasiyozidi shilingi milioni moja, na sheria huitaka ikate shauri kwa muda wa siku sitini. Mtu aweza kusimama mwenyewe bila ya wakili. Karatasi ya mapatano, stakabadhi za duka la mbao na kumbukumbu za fedha zilizopelekwa kwa simu ndizo zitakazosema kwa niaba yake.

Limebaki jambo moja ambalo mapatano mengi hulisahau, nalo ni vipande vinavyobaki. Mbao na nguzo zenye rangi ya kijani mara nyingi zimetiwa dawa iliyo na arseniki, ambayo ni sumu. Akina mama huviona vimerundikana uani, vikavu, tayari kwa moto, na jioni hiyo huingia jikoni chini ya sufuria. Moshi wake na majivu yake yana sumu, hata kwa ng'ombe anayelamba jivu. Iandikwe pia ni nani atakayeviondoa, na kabla ya malipo ya mwisho uwanja utazamwe kama umekwisha kusafishwa.