Je, Wajua? Mwanamke Aliyeusoma Upepo
Mwaka 1930, huko Bisley, Uingereza, Marjorie Foster alikuwa mwanamke wa kwanza kutwaa Zawadi ya Mfalme, shindano kongwe la kulenga shabaha kwa bunduki. Alimshinda mwanajeshi kwa pointi moja tu, na ushindi ukaamuliwa na risasi yake ya mwisho! Shabaha ilikuwa umbali wa yadi 1,000, yaani mita 914, na bunduki yake haikuwa na darubini. Kwa umbali huo risasi hukaa hewani zaidi ya sekunde moja, na upepo mkali wa ubavuni huweza kuisukuma zaidi ya mita mbili. Kwa hiyo mlengaji hulala kifudifudi, akiusoma upepo kwa kutazama bendera na mazigazi, ndipo afyatue.