Je, Wajua? Mlango wa Shule Uliofunguliwa Mahakamani

Leo mtoto mwenye ulemavu nchini Marekani ana haki ya kusoma shule ya umma bila malipo. Haki hiyo haikushuka kama mvua. Wazazi waliidai, kesi baada ya kesi.

Je, wajua kwamba…

● Mwaka 1919, Mahakama ya Juu ya Wisconsin iliuruhusu mji wa Antigo kumfukuza mvulana aliyeyamudu masomo vizuri? Kupooza kulimfanya azungumze kwa taabu na kutokwa na udenda. Ikadaiwa kwamba kumtazama kunawatia kinyaa walimu na wanafunzi.

● Judith Heumann, aliyepooza kwa polio, alikataliwa shule huko Brooklyn akiwa na miaka mitano, eti kiti chake cha magurudumu ni hatari moto ukizuka? Alisoma hadi chuo kikuu, kisha mwaka 1970 akanyimwa leseni ya ualimu. Aliishtaki bodi ya elimu, na faili likamfikia Jaji Constance Baker Motley, mwanamke Mweusi wa kwanza kuwa jaji wa mahakama za shirikisho. Huyu alikuwa miongoni mwa mawakili wa kesi ya Brown, iliyoharamisha ubaguzi wa rangi shuleni mwaka 1954. Bodi ililegeza kamba, Heumann akaingia darasani kufundisha.

● Sheria ya Pennsylvania iliziruhusu shule kumkataa mtoto ambaye akili yake haijafikia ile ya mtoto wa miaka mitano? Wazazi walikwenda mahakamani, na makubaliano ya 1971 na 1972 yakawafungulia watoto wao milango.

● Mjini Washington, wakuu wa elimu walijitetea kuwa fedha hazitoshi? Mwaka 1972 Jaji Joseph Waddy alikataa utetezi huo. Kama fungu ni dogo, alisema, upungufu usiwaelemee watoto wenye ulemavu kuliko wenzao.

● Bunge la Marekani lilibaini kuwa watoto milioni 1 wenye ulemavu walikuwa nje kabisa ya shule za umma? Ndipo Rais Gerald Ford akatia saini sheria tarehe 29 Novemba 1975. Tangu hapo, kila mtoto mwenye mahitaji maalumu huandikiwa mpango wake mwenyewe wa masomo, na mzazi ana haki ya kuketi mezani unapoandikwa.

● Mwaka 1982 wakili kiziwi, Michael Chatoff, alisimama mbele ya Mahakama ya Juu ya Marekani kumtetea Amy Rowley, msichana kiziwi aliyehitaji mkalimani wa lugha ya alama darasani? Maswali ya majaji yalichapwa papo hapo, naye akayasoma kwenye skrini na kujibu kwa sauti yake. Hakuwahi kutokea wakili kiziwi kutetea kesi mahali pale. Hata hivyo, Amy alishindwa: majaji walisema shule haidaiwi kumpa mtoto kilicho bora kabisa, ilimradi anafaidika.

● Kufaidika kiasi gani, basi? Jibu lilikuja mwaka 2017, katika kesi ya mvulana mwenye usonji kutoka Colorado. Majaji wote wanane walikubaliana: punje ya maendeleo haitoshi, mtoto awekewe malengo yanayomvuta juu kadiri ya hali yake. Ilikuwa imepita miaka 98 tangu yule mvulana wa Antigo alipofungiwa mlango.