Jeshi la mezani: Kabla hujalitupa, keti ucheze na mwanao

Dada yangu anaishi Nottingham, Uingereza. Nilipomtembelea likizo iliyopita, hata begi sijaliweka chini alianza kulalamika. "Mdogo wangu, huyu mtoto pesa yake yote inaishia kwenye vijisanamu vya vita. Siku hizi hata mezani hatuli."

Kweli, meza ilikuwa imejaa askari wadogo wa plastiki, dadu, brashi na vikopo vya rangi. Mwanawe wa miaka 13 alinisalimia, "Shikamoo mama mdogo," kisha akarudi kwenye hesabu zake. Dada alishaandaa mfuko wa taka.

Nilimwomba anipe jioni moja kwanza.

Mchezo wenyewe ni Warhammer 40,000, uliotoka mwaka 1987. Kampuni inayoutengeneza, Games Workshop, ina makao yake makuu humo humo Nottingham, kwa hiyo dada amehamia kwenye chimbuko la tatizo lake.

Kabla ya vita kuna bajeti. Mnakubaliana kiwango, mara nyingi pointi 1,000 au 2,000, na kila kikosi kina bei yake ya pointi. Ukichukua kifaru kikubwa, askari wa miguu wanapungua. Vikosi vingi huwezi kuvirudia zaidi ya mara tatu, na lazima mmoja awe kamanda. Nilimtazama mtoto akifuta, akiandika, akifuta tena kwa sababu amezidisha pointi 15. Sijui ni watu wazima wangapi tunapanga matumizi ya mwezi kwa uangalifu huo.

Mapigano ndiyo yaliyonikamata. Kikosi kikishambulia, unarusha dadu mara mbili: kwanza kuona nani amelenga, kisha nani amejeruhi. Hapo unalinganisha nguvu ya silaha na ugumu wa mwili wa adui. Zikilingana unahitaji 4 au zaidi. Nguvu ikiwa mara mbili ya ugumu, 2 inatosha. Mwenye kushambuliwa naye anarusha zake kuona kama deraya imemwokoa.

"Mama mdogo, usihesabu dadu ulizoshika, hesabu zitakazobaki," aliniambia. Tuseme una dadu 18 na unalenga kwa 3 au zaidi. Kwa wastani zinabaki 12. Ukijeruhi kwa 4, zinabaki 6. Adui akijiokoa kwa 3, majeraha yanayopita ni 2 tu. Kutoka 18 hadi 2! Hesabu za uwezekano zilizonitoa jasho chuoni, yeye anazifanya kichwani huku anatafuna biskuti.

Mimi sikumsikiliza. Kuvamia kunaamuliwa kwa dadu mbili, na jumla yake ndiyo inchi unazoruhusiwa kwenda. Nilihitaji 9. Uwezekano wake ni 10 kati ya 36, naye alinionya. Nikapata 5, kikosi changu kikabaki uwanjani bila kinga, kikaisha kwenye zamu yake.

Ila kulikuwa na jambo lililonishtua kuliko kushindwa. Wakati akisubiri zamu, alichukua tupa akaanza kusugua sanamu ya chuma, nzito, aliyoinunua kwenye mnada wa vitu vya mitumba. Unga ukaanguka mezani. Kisha akachora brashi kwa midomo ili ncha iwe kali.

Sanamu nyingi za zamani za namna hiyo ziliyeyushwa kwa madini ya risasi. Shirika la Afya Duniani (WHO) linasema hakuna kiwango cha risasi kinachojulikana kuwa salama, na mtoto mdogo hufyonza mara 4 hadi 5 zaidi ya mtu mzima kwa kiasi kile kile alichomeza. Huathiri ubongo, na mara nyingi bila dalili ya kuonekana. Dada ana binti wa miaka miwili anayeweka kila kitu mdomoni.

Za plastiki hazina tatizo hilo, ingawa vipande vidogo vinaweza kumkaba mtoto. Za chuma za zamani, kama hujui asili yake, zisisuguliwe wala zisikae chumba cha kulia. Unga ufutwe kwa kitambaa kibichi, usifagiliwe kavu. Mikono ioshwe kwa sabuni, brashi isiingie mdomoni. Kama mtoto amekuwa akizisugua kwa muda, mweleze daktari. Kipimo cha damu ndicho kinachotoa jibu.

Dada aliupigia simu ofisi ya daktari kesho yake asubuhi, akaomba wapimwe wote wawili. Mfuko wa taka ulibeba tupa, brashi ile na sanamu tatu za chuma. Za plastiki zilihamia meza ndogo chumbani kwa kijana, na mlango una komeo juu asikofika mdogo wake.

Kuhusu pesa bado wanavutana. Kampuni hubadilisha bei za pointi mara kwa mara, na jeshi lililotosha mwezi jana linaweza kuzidi leo. Dada amesema sanamu mpya haiingii ndani hadi zilizopo zipakwe rangi zote. Juzi kijana alinitumia picha: zimebaki 11, na anauliza narudi lini.