Kiyoyozi cha Gari Kinapotoa Hewa ya Joto

Mji wa Sumbawanga umejengwa juu ya uwanda wa Ufipa, kwenye mwinuko wa karibu mita 1,800 kutoka usawa wa bahari. Katika miezi ya Juni na Julai dereva wa huko huhitaji koti zaidi ya kiyoyozi. Lakini akishuka kwa barabara ya Matai hadi bandari ya Kasanga, safari ya kilometa 112 hivi, hujikuta kando ya Ziwa Tanganyika, mahali palipo chini ya mji wake kwa mita zipatazo 1,000 na penye joto. Hapo ndipo huwasha kiyoyozi kilicholala kwa miezi mingi, na hewa inayomjia ikawa ya joto. Aghalabu shauri la kwanza analopewa ni kuongeza gesi. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba shauri hilo mara nyingi ni la haraka, na kwamba fizikia ya shule ya sekondari inatosha kutuongoza kwenye chanzo cha kasoro.

JOTO HUHAMISHWA

Kiyoyozi hakitengenezi baridi, bali huhamisha joto. Maji ya mtungi hupoa kwa sababu sehemu yake hupenya udongo na kugeuka mvuke, na kila tone linalogeuka mvuke huchukua joto kutoka kwa maji yanayobaki. Kiyoyozi hufuata kanuni hiyo hiyo, ila mvuke wake haupotei. Hukusanywa na kutumiwa tena.

Katika magari mengi gesi itumikayo ni R-134a, ambayo katika usawa wa bahari huchemka kwenye nyuzi 26 za Selsiasi chini ya sifuri. Nyuma ya dashibodi, ndani ya evapoleta, gesi hii ikiwa katika hali ya umajimaji huchemka na kunyonya joto la hewa ya chumba cha abiria. Kompresa, inayozungushwa na injini kwa mkanda, huuvuta mvuke huo na kuushindilia hadi uwe na kanieneo kubwa na jotoridi kubwa. Kisha mvuke huingia katika kondensa, iliyo mbele ya rejeta, ambako hutoa joto lake kwa hewa ya nje na kurudi kuwa umajimaji. Mwisho, umajimaji hupita katika tundu jembamba la vali, kanieneo yake hushuka ghafla, na safari huanza upya. Hewa ya joto ni dalili kwamba safari hii imekatika mahali fulani. Kazi ya mchunguzi ni kupajua mahali hapo.

UCHUNGUZI KWA HATUA

Kwanza, pima nguvu ya upepo. Upepo ukiwa dhaifu, tazama feni ya ndani na chujio la hewa, ambalo vumbi huliziba. Gesi haihusiki.

Pili, upepo ukiwa na nguvu lakini wa joto, tazama kompresa bila kuigusa. Katika magari mengi kuna klachi ya sumaku: swichi ikibonyezwa, bamba la mbele hunaswa na kuzunguka pamoja na puli. Bamba lisipozunguka, chunguza fyuzi, rilei na nyaya. Kumbuka pia kwamba swichi ya kanieneo huizuia kompresa kwa makusudi gesi inapopungua mno, kwa kuwa mafuta yanayoilainisha husafiri pamoja na gesi. Baadhi ya kompresa za kisasa hazina klachi, na kwazo dalili hii haifai.

Tatu, kompresa ikizunguka, linganisha mabomba. Bomba nene litokalo evapoleta yapasa liwe baridi na lenye kutoa jasho. Bomba jembamba litokalo kondensa liwe la uvuguvugu. Bomba litokalo kompresa kwenda kondensa lisiguswe, kwani huunguza. Bomba nene likiwa baridi ilhali hewa ni ya joto, shuku kilango kinachochanganya hewa baridi na ile ya hita.

Nne, kiyoyozi kikipoza gari likienda kasi na kushindwa likisimama, shuku feni ya kondensa, au vumbi na wadudu waliojaa katika mapezi yake. Juu ya uwanda wa Ufipa kasoro hii huzidi, kwa kuwa hewa nyepesi ya huko huchukua joto kidogo kuliko ya pwani.

GEJI NA MWINUKO

Baada ya hapo fundi hufunga geji mbili. Pande zote mbili zikiwa chini, yawezekana gesi imepungua. Zote zikiwa juu, gesi imezidi au kondensa haipoi. Upande wa chini ukipanda na wa juu ukishuka hadi kukaribiana, kompresa imechoka. Upande wa chini ukishuka mno ilhali gesi ipo, vali imeziba.

Hata hivyo, geji ya kawaida hupima tofauti tu kati ya kanieneo ya ndani na ya angahewa. Pwani angahewa ina kilopaskali 101. Sumbawanga ina 81 hivi. R-134a tuli kwenye nyuzi 20 ina kilopaskali 572 kamili. Basi geji itaonyesha karibu 471 Dar es Salaam na 491 Sumbawanga, na gesi ni ile ile. Vivyo hivyo, pampu ya kuondoa hewa ndani ya mfumo huweza kushusha geji hadi sentimeta 76 za zebaki pwani, lakini Sumbawanga haiwezi kupita 61 hivi. Fundi asiyelijua hili aweza kuilaumu pampu nzima, au kutafuta tundu lisilokuwapo.

Tena, mradi umajimaji wowote umebaki, kanieneo ya gesi tuli hutegemea jotoridi tu, si wingi. Kwa hiyo kiasi cha gesi hujulikana kwa mizani: gesi hutolewa kwa mashine na kupimwa, kisha hurudishwa kwa gramu zilizoandikwa na mtengenezaji.

KWA NINI TUSIONGEZE TU?

Gesi hailiki kama petroli, ikipungua, imevuja. Madoa ya mafuta kwenye viungio, au povu la sabuni linalotoa mapovu, huonyesha tundu. R-12 ya magari ya zamani iliharibu ozoni, na Mkataba wa Montreal wa 1987 ulianza kuidhibiti. R-134a haiharibu ozoni, lakini kilo moja yake huipasha dunia joto sawa na kilo 1,430 za kaboni dayoksaidi kwa muda wa miaka 100. Ndiyo sababu mataifa yalikubaliana mjini Kigali, Oktoba 2016, kupunguza gesi za aina hiyo. Nusu kilo ikivuja ni sawa na kilo 715 za kaboni dayoksaidi. Zaidi ya hayo, umajimaji wake ukigusa ngozi au jicho huligandisha. Kazi hii ni ya fundi mwenye miwani, glavu na vifaa.

Mwenye gari wa Ufipa na awashe kiyoyozi dakika 10 kila wiki, hata wakati wa baridi. Mafuta yatazunguka, na sili ya kompresa haitakauka na kuvujisha gesi.

ZOEZI KWA WANAFUNZI

Kando ya Ziwa Tanganyika angahewa ina kilopaskali 92 hivi. Geji iliyosoma 491 Sumbawanga itasoma ngapi Kasanga, ikiwa gesi imebaki kwenye nyuzi 20? Na kwa nini, kwa kweli, itasoma zaidi ya hapo adhuhuri?