Fahamu: Mvinyo mwekundu wa Dodoma hutengenezwaje?

Mvinyo mwekundu wa Dodoma hutokana na zabibu zinazolimwa katika nyanda kavu za katikati ya Tanzania, hasa Hombolo, Makutupora na Bihawana. Kilimo hicho kilianza katika karne ya 20 kwa mchango wa wamisionari Wakatoliki kutoka Italia. Zabibu nyekundu inayojulikana zaidi hubeba jina la Makutupora, palipo na kituo cha serikali cha utafiti wa zao hilo.

Kwa nini Dodoma?

Mji huo uko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, una msimu mmoja wa mvua, na jua lake kali huongeza sukari katika tunda. Kusini mwa Ufaransa, baridi huilaza mizabibu na mavuno huja mara moja kwa mwaka. Dodoma, mkulima hupogoa na kuvuna mara mbili.

Rangi hutoka wapi?

Zabibu huondolewa vikonyo, hupondwa, kisha huachwa zichachuke pamoja na maganda yake. Chachu hugeuza sukari kuwa kileo. Maganda hutoa rangi na ukakasi. Kwa mvinyo mweupe, maganda hutengwa mapema.

Je, Kiminini nchini Kenya inafaa kwa mizabibu?

Penye mvua nyingi kama Kiminini, Trans Nzoia, mizabibu hushambuliwa na ukungu kwa urahisi. Nchini Kenya, mvinyo wa Leleshwa hutokana na mizabibu ya Naivasha, ambako ni pakavu zaidi.